Kukinga mboga na jalidi ya Juni na Julai, Lubumbashi

Theluji haianguki Lubumbashi. Lakini kati ya katikati ya Juni na mwisho wa Julai kuna asubuhi, si nyingi, ambazo mwenye bustani kwenye dembo, yaani bonde la chini lenye unyevu, anakuta lengalenga (mchicha) na maharage yake yamefunikwa na weupe wa umande ulioganda, na kufika mchana yote yamekuwa meusi. Jirani yake wa juu kidogo, mita mia mbili tu, hajapoteza hata jani. Jalidi ya kwetu inashindwa kwa mahali unapopanda na kwa kazi unayofanya kabla jua halijazama. Usiku ukishaingia, umechelewa.

Sababu ni hii. Mji uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, kiangazi anga haina wingu, hewa ni kavu, na usiku wa Juni unapita saa 12. Tangu jua linapozama ardhi inatoa joto lake kuelekea juu, na hakuna wingu la kulizuia. Hewa inayogusa udongo huo inapoa, inakuwa nzito, inateremka polepole kama maji kuelekea mito ya Kafubu na Naviundu na kila bonde dogo. Ndiyo maana kipimajoto kilichotundikwa mita moja na nusu juu kinaweza kuonyesha nyuzi 3 au 4, huku majani yaliyo karibu na udongo yako kwenye sifuri.

Jua kwanza baridi inalala wapi

Kabla ya kununua chochote, chukua vifuniko vitano au sita vya sufuria. Jioni ya anga safi, viweke sehemu mbalimbali za shamba, kila kimoja juu ya konzi ya nyasi kavu ili kisipokee joto la udongo. Tia vijiko vitatu vya maji katika kila kifuniko. Rudi asubuhi kabla ya jua kutoka, yaani kabla ya saa 12 na nusu. Penye utando wa barafu ndipo shimo la baridi lilipo. Penye maji matupu pana usalama zaidi. Rudia usiku mwingine mbili tatu, kisha weka alama kwa vijiti.

Mara nyingi utakuta barafu nyuma ya ukuta au ua mzito ulio upande wa chini wa shamba. Ua huo unazuia hewa baridi isitoke. Fungua pengo la mita moja au mbili mahali pa chini kabisa. Kwa upande wa juu ni kinyume chake: ua mzito huko unafaa, kwa sababu unaigeuza baridi ipite pembeni.

Panda kufuatana na mahali

Kwenye shimo la baridi weka kabichi, kabichi ya Kichina, karoti, vitunguu, vitunguu saumu na spinachi. Hizo zinavumilia. Njegere zinavumilia majani tu. Maua na maganda yake yanaungua. Lengalenga, maharage, matembele, maboga, matango, bamia, pilipili na nyanya zipande sehemu ya juu ya shamba. Nyanya hata isipoguswa na jalidi inadondosha maua usiku ukishuka chini ya nyuzi 10 kwa siku nyingi, kwa hiyo usitarajie mavuno makubwa ya nyanya zilizochanua Juni.

Kitalu cha miche kiweke upande wa kaskazini wa ukuta wa matofali. Wakati huu wa mwaka jua la saa sita mchana linapita kaskazini yetu, kwa hiyo upande huo wa ukuta unaota jua mchana kutwa na kuachia joto usiku. Ukikiweka upande wa kusini miche inakaa kivulini, na mbegu za lengalenga zinaweza kulala muda mrefu bila kuota.

Maji na nyasi za kufunika udongo

Udongo wenye unyevu unahifadhi joto kuliko udongo mkavu na uliotifuliwa. Basi mwagilia kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, mpaka unyevu ufike kina cha kiganja kizima na zaidi. Bido (dumu) moja la lita 20 kwa mita moja ya mraba linatosha tuta lililokuwa kavu. Usimwagilie jioni: majani yaliyolowa yanazidi kupoa maji yanapokauka. Usipalilie wala kutifua udongo siku unayohofia jalidi.

Kosa linalowaangusha hata wenye ujuzi ni nyasi za kufunikia udongo. Nyasi hizo ni nzuri kwa kuokoa maji, ila usiku wa baridi zinazuia joto la udongo lisipande kwenye majani, na mmea ulio juu ya nyasi unaungua kabla ya ule ulio juu ya udongo mtupu. Majuma haya sita zisogeze pembeni kwenye matuta ya mboga laini, zirudishe Agosti.

Urea nayo iache kuanzia mwanzo wa Juni. Inachochea majani mateke, na hayo ndiyo yanayokufa kwanza.

Kifuniko cha tuta

Kwa tuta la mita 1 kwa 10, kata fito 11 zinazopindika, za mita 2.2 kila moja. Choma ncha zote mbili ardhini kina cha sentimita 25, fito moja kila mita. Utapata upinde wa sentimita 60 hivi. Funga ufito mmoja au kamba kali juu, kutoka mwanzo hadi mwisho, ili pinde zisilale.

Kwa kufunika, magunia ya plastiki ya kilo 50, ya mchele au ya unga, yanatosha. Pasua gunia ubavuni na chini, likunjue, shona mawili yafuatane kwa upana, na kila jozi inafunika mita moja ya tuta. Magunia 20 yanamaliza tuta zima. Mashuka makuukuu na mikeka ya nyasi inafaa pia.

Plastiki inayopitisha mwanga peke yake ni kinga dhaifu: joto linapita ndani yake, na jani linaloigusa linaganda hapo hapo. Ukiwa nayo, tanda magunia juu yake.

Funika saa 11 jioni, udongo ungali na joto. Atakayefunika saa 3 usiku anafunika baridi. Kingo zote ziguse ardhi na zikandamizwe kwa matofali, kwani pengo la mkono mmoja upande wa juu linaingiza hewa baridi usiku kucha. Asubuhi fungua kama saa 2, jua likishapasha. Ukisahau mpaka mchana mmea unapikwa.

Ni usiku gani?

Angalia mambo matatu kwa pamoja: hakuna wingu, upepo wa kusini mashariki umekufa jioni, na kipimajoto kiko chini ya nyuzi 10 saa 3 usiku. Fuatilia pia habari za Afrika Kusini. Mawimbi makali ya baridi yanatoka huko na kupanda kupitia Zambia. Ukisikia baridi isiyo ya kawaida Johannesburg, ambako theluji ni nadra (ilianguka tarehe 10 Julai 2023, baada ya karibu miaka 11), weka magunia tayari. Upepo ukiwa unavuma bado kuna nafuu, kwa kuwa unachanganya hewa. Hatari ni usiku ule upepo unapotulia.

Kuchoma nyasi ili moshi ufunike shamba hakusaidii, moshi hauzuii joto kutoroka. Kumwagia maji usiku kunafaa tu kama maji hayakatiki mpaka barafu iyeyuke yenyewe. Pampu ikizimika katikati, hasara inakuwa kubwa kuliko kutomwagia. Na mbabula (jiko) ya makala isiwekwe ndani ya kibanda cha miche kilichofungwa ambamo mtu analala. Gesi yake haina harufu na inaua, sawa na chumbani nyumbani.

Asubuhi ya pili

Jani lililoganda linaonekana la kijani cheusi, limelegea, limelowa kama lililotoka kwenye maji ya moto. Lengalenga na matembele ya hivyo vuna papo hapo, upike siku hiyo hiyo. Mimea mingine usiikate: majani yaliyokufa yanakinga macho ya chini, yanakotoka machipukizi, usiku unaofuata. Ngoja siku 7 hadi 10. Viazi ulaya vitachipua kutoka chini. Maharage ambayo shina lake limekuwa jeusi mpaka kwenye majani ya kwanza hayarudi, ng'oa. Sombe (muhogo wa majani) iliyoungua ncha ikate mpaka penye utomvu mweupe. Maharage na lengalenga za kurudishia zisubiri katikati ya Agosti.