Jinsi ya Kutengeneza Programu ya Simu ya Njia Salama za Baiskeli Dar es Salaam

Mtu anayetoka Tabata kwenda Kariakoo kwa baiskeli hahitaji kuonyeshwa njia fupi, kwa sababu anaijua tangu zamani. Anachohitaji ni njia itakayomfikisha bila kusukumwa mtaroni na daladala. Programu yako ijengwe juu ya haja hiyo.

Anza na ramani. OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, hutoa data zake bure, na Dar es Salaam ina bahati ya pekee, kwani tangu 2015 mradi wa Ramani Huria uliwaingiza wanafunzi wa vyuo na wakazi mitaani kuchora barabara, vichochoro na mitaro. Pakua data za jiji, kisha kagua kila kipande cha njia: kimeandikwa kuwa ni lami au udongo, kina taa za barabarani, kinaruhusu kasi gani? Utakuta vipande vingi havina maelezo hayo. Usivihesabu kuwa salama kwa sababu tu ramani imenyamaza. Vipe alama ya tahadhari mpaka mtu avipitie.

Kazi kubwa iko kwenye hesabu, na hapa ndipo nakusihi utumie muda wako mwingi. Kanuni ya kutafuta njia fupi, ambayo mwanasayansi wa kompyuta Edsger Dijkstra aliichapisha mwaka 1959, haijui kilomita wala hatari. Inajua gharama tu, na gharama unaipanga wewe. Tuseme kupitia Barabara ya Mandela ni kilomita 2, nawe, kwa sababu ya malori yanayotoka bandarini, umeipa kizidishio (namba ya kuzidisha urefu wa njia) cha 3: gharama yake ni 6. Mitaa ya ndani ni kilomita 3.5 kwa kizidishio cha 1.2, yaani 4.2, kwa hiyo programu itamzungusha mwendeshaji mitaani, na ndivyo inavyotakiwa. Makutano nayo yawe na gharama yake. Kwa kuwa tunaendesha upande wa kushoto, anayekata kulia hulazimika kuvuka magari yanayomjia, hivyo kona ya kulia isiyo na mataa iwe ghali kuliko ya kushoto. Njia ya baiskeli iliyojengwa kando ya barabara ya mwendokasi, ile ya Morogoro, ipewe unafuu, lakini usiwe wa moja kwa moja, maana bodaboda nao hupanda humo na wauzaji hupanga bidhaa.

Majira pia hubadili gharama. Wakati wa masika, bonde la Msimbazi pale Jangwani hufurika, na kichochoro cha udongo kilichokuwa kizuri mwezi Januari huwa tope linalofika kwenye mnyororo. Weka vizidishio viwili kwa vipande vya namna hiyo, kimoja cha kiangazi na kingine cha mvua.

Huna haja ya kuandika injini ya kutafuta njia upya. Ipo tayari BRouter, ni ya chanzo huria (msimbo wake uko wazi kwa yeyote), ilitengenezwa kwa ajili ya baiskeli, hufanya kazi kwenye simu za Android bila intaneti, na vizidishio vyake hukaa katika faili la maandishi unaloweza kulihariri. Kufanya kazi bila bando ni sharti la lazima. Maelekezo yatolewe kwa sauti, simu ikiwa mfukoni, na yafuate desturi yetu ya kuelekezana kwa alama: "ukipita kituo cha mafuta, ingia kushoto" hueleweka upesi kuliko jina la mtaa ambalo halijaandikwa popote.

Ruhusu watumiaji kuripoti shimo au karavati lililobomoka, ila kila ripoti iishe muda wake isipothibitishwa na mtu mwingine. Kumbukumbu za safari ni taarifa binafsi, nazo zinalindwa na sheria ya Tanzania ya mwaka 2022. Kata mita 200 za mwanzo na za mwisho kabla ya kuzihifadhi, ili nyumba ya mtu isijulikane.

Kabla ya kuitoa programu, endesha mwenyewe njia inazopendekeza, saa moja asubuhi na tena saa mbili usiku, ukiwa na mtu anayebeba mzigo kwa baiskeli kila siku. Kila mahali atakaposhuka na kuanza kukokota, simama, muulize sababu, iandike, kisha rudi ukarekebishe kizidishio cha kipande hicho.