Mambo ya kuandaa kabla ya kujitambulisha kwa waajiri

Wahitimu wengi huenda kwenye Maonesho ya Sabasaba au Siku ya Wahandisi mashati yakiwa yamepigwa pasi na wasifu umechapishwa, lakini maneno ya kujitambulisha huyatunga palepale, mwajiri akiwa amekwisha kuwapa mkono. Yaandae nyumbani.

Jina, ulichosomea, kazi uliyokwisha kuifanya na unachokitafuta vinatosha, navyo visizidi dakika moja. Yaseme kwa sauti, si moyoni, huku simu ikihesabu muda. Aliyekuzidi umri mpe shikamoo yake kwanza. Uliyoyaandaa kwa Kiingereza yaandae na kwa Kiswahili pia, kwa kuwa lugha ya mazungumzo ataichagua mwajiri.

Usijipe cheo ambacho hujakipata. Shahada peke yake haimfanyi mtu kuwa mhandisi msajiliwa. Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyo chini ya sheria ya 1997, ina daraja la wahandisi wahitimu, na ndilo la kulitaja ikiwa umesajiliwa humo. Vivyo hivyo, aliyebakiza masomo katika mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, asijiite CPA, yaani mhasibu aliyeidhinishwa, maana huenda anayemsikiliza anayo namba yake ya usajili na ataulizia ya mwenzake.

Linalowaponza wengi zaidi ni ombi la mwisho. Niliwahi kuwapo kwenye banda la kampuni moja ya ukandarasi walipofika vijana wawili waliosoma darasa moja. Wa kwanza alijieleza vizuri, hata meneja akaweka chini kikombe cha chai ili amsikilize, lakini alipoulizwa anatafuta nini, akajibu, "Kazi yoyote tu, bosi." Najua ukosefu wa ajira humfanya mtu aogope kuchagua, lakini meneja hakuona pa kumweka, akamwambia aache wasifu, nao ukawekwa juu ya rundo. Mwenzake alieleza kwamba alifanya fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, mamlaka ya maji, ambako alizunguka mitaani na mafundi wakisoma dira za maji na kulinganisha na maji yaliyotoka kwenye tangi ili kubaini upotevu, kisha akaomba kujua ni nani anayesimamia miradi ya mabomba. Meneja alimpigia simu msimamizi huyo hapohapo. Kinachouma ni kwamba fildi hiyo waliifanya wote wawili, pamoja.

Kwa hiyo omba kitu ambacho mtu anaweza kukupa akiwa amesimama: jina, namba ya simu, au ushauri kuhusu kitengo kimoja unachokijua.

Mengine ni ya kawaida. Simu iwe na chaji, anwani ya barua pepe isiwe ile ya jina la utani la shuleni, usimkabili mtu akiwa anakula, na anayekuahidi nafasi usimkabidhi vyeti halisi wala kumpa hela ya "fomu", hasa kama hata ofisi yake huijui ilipo.