Somo: Kubetia namba za UK 49's ukiwa nje ya Uingereza, na kampuni inakula wapi

Wakuu, kila nikirudi Dar likizo naulizwa swali lile lile: hizi UK 49's, droo ya Uingereza ya namba 49, ni bahati nasibu au ni kubeti? Nilikaa dirishani miaka mitatu kwenye duka la kubetia London mashariki, napokea mikeka, yaani karatasi za dau, na kulipa walioshinda, kwa hiyo nitaeleza kwa kadiri nilivyoiona kazi ile. Ambao dini imewazuia, someni kama hesabu tu.

Hatua ya 1: Jua unanunua nini

Kwenye bahati nasibu ya kawaida pesa za wote zinaingia fungu moja, na wanaopatia wanagawana. Tarehe 14 Januari 1995 jakipoti ya Uingereza ilikuwa kama pauni milioni 16. Watu 133 walichagua namba sita zile zile, kila mmoja akaondoka na pauni 122,510. Pesa nzuri, lakini si ile waliyoiota usiku kucha.

Kubeti kwa odi maalumu, yaani kiwango cha malipo kilichopangwa mapema, ni kitu kingine. Hununui tiketi, unabishana na kampuni kuhusu mipira itakayotoka. Odi imebandikwa kabla hujatoa hela. Hata mkipatia namba 23 watu elfu kumi, kila mmoja analipwa kama ilivyoandikwa, hamgawani chochote. Upande wa pili, hakuna fungu linalokua wiki hadi wiki.

Kwa nini 49's na si bahati nasibu ya taifa lao? Kwa sababu Sheria ya Kamari ya 2005 hairuhusu kampuni zenye leseni ya Uingereza kupokea dau juu ya droo ya taifa, na Aprili 2018 wakaziba na mlango wa EuroMillions. Maduka yamebaki na droo nyingine kama ya Ireland, na 49's, ambayo imetengenezwa kwa ajili ya kubetiwa tu tangu 1996. Afrika Kusini ndiko imeshika kweli. Ukikaa Johannesburg au Durban utasikia watu wakisema "Lunchtime" na "Teatime", droo zake za mchana na jioni, kama sisi tunavyosema daladala.

Hatua ya 2: Jua droo na saa yake

Namba ni 1 hadi 49. Inatoka mipira sita, halafu wa saba unaoitwa busta. Unachagua namba moja hadi tano, na unasema kama busta ihesabiwe au isihesabiwe. Hili la busta ndilo lililoleta ugomvi mwingi dirishani kwangu kuliko jingine lolote. Mtu namba yake imetoka kwenye busta, mkeka wake ni wa mipira sita, anapiga kioo.

Droo mbili kongwe ni saa 6:49 mchana na saa 11:49 jioni, saa za London. Kwa Dar na Nairobi, majira yao ya baridi hiyo ni saa 9:49 alasiri na saa 2:49 usiku. Wakisogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, kwetu inakuwa saa 8:49 mchana na saa 1:49 usiku, mpaka Jumapili ya mwisho ya Oktoba.

Hatua ya 3: Soma odi sawasawa

Dukani London wanaandika 6/1: ukiweka pauni 1 unapata faida 6 na dau lako linarudi, jumla 7. Kwenye simu Bongo odi hiyo hiyo inaandikwa 7.00, dau likiwa ndani. Usilinganishe 6/1 ya huku na 6.50 ya kule ukadhani ya kule ni kubwa. Ni ndogo.

Hatua ya 4: Nunua duka zima (kichwani)

Hapa ndipo nilitaka tufike. Odi zinatofautiana kati ya kampuni na kampuni, kwa hiyo tuchukue mfano wa mipira sita bila busta: namba moja 6/1, mbili 53/1, tatu 600/1, nne 7,200/1, tano 125,000/1. Sasa jifanye tajiri, uweke pauni 1 kwenye kila uwezekano uliopo.

Namba moja moja: unatoa pauni 49. Mipira sita inatoka, kila mmoja unakulipa 7, unapata 42. Kampuni imebaki na 7.

Jozi: zipo jozi 1,176 kwenye namba 49, na mipira sita inatengeneza jozi 15. Unatoa pauni 1,176, unapokea 15 mara 54, yaani 810. Kampuni imebaki na 366, karibu theluthi.

Tatu tatu: unatoa 18,424, unapokea 12,020.

Nne nne: unatoa 211,876, unapokea 108,015. Karibu nusu imekwenda.

Tano tano: unatoa 1,906,884, unapokea 750,006.

Angalieni mwendo wake. Kadiri odi inavyopendeza macho ndivyo kampuni inavyomega zaidi. Bango la dirishani kwetu halikuwahi kutangaza namba moja; lilikuwa la namba tano, kwa maandishi makubwa ya njano. Mimi mwenyewe nilipanda ngazi kulibandika.

Hatua ya 5: Mkeka wa laini nyingi

Ukichagua namba nne ukasema Yankee, hujaweka dau moja. Umeweka 11: laini sita za jozi, laini nne za tatu tatu, na laini moja ya namba zote nne. Kulikuwa na mzee mmoja wa Jamaika, kofia ya sufi hata Julai, aliyekuwa anaandika "£1 Yankee" na kusukuma sarafu moja chini ya kioo. Namwambia, baba, hii ni pauni 11. Ananitazama kama nimemwibia. Kwenye simu hakuna wa kukuambia, salio linakatwa tu, kwa hiyo soma "dau kwa laini" na "jumla" kabla ya kubonyeza.

Na odi za droo moja hazizidishwi kama za mpira wa miguu. Jozi ina odi yake pale kwenye orodha.

Hatua ya 6: Kabla ya kuweka hela

Tazama leseni ya nchi unayochezea. Tanzania ni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Halafu tafuta kikomo cha malipo kwenye masharti. Kama kikomo ni 250,000 na umeweka 5 kwenye namba tano za 125,000/1, zile 625,000 unazozihesabu kitandani hazipo.

MASWALI

*Mkuu, kuna jamaa WhatsApp anauza "benka" (namba ya uhakika) ya Teatime kwa elfu kumi, na watu wanaweka picha za mikeka iliyokula. Anajuaje?*

Hajui. Chukua wateja 49, kila mmoja mpe namba yake tofauti. Kila droo, sita kati yao watakula bila shaka yoyote, watapiga picha, watakusifia kwa Mungu. Wale 43 hawapigi picha. Kesho unarudia. Biashara yake haihitaji kujua chochote kuhusu mipira. Halafu jiulize mwenyewe: mwenye namba ya uhakika anahitaji elfu kumi yako ya nini?

*Kaka, namba ambayo haijatoka wiki tatu si iko karibu?*

Hapana. Mipira yote 49 inarudi ndani kila droo, na nafasi yake ni ile ile, 6 kwa 49.

*Niko Muscat, nifungue akaunti ya Uingereza kwa VPN (programu ya kuficha uliko)?*

Usijaribu dada. Kwanza Oman kamari ni kosa la jinai, na wewe uko kwa kibali cha kazi. Pili, kampuni yenye leseni ya Uingereza itataka kuthibitisha wewe ni nani na anwani yako kabla hujacheza. Utapeleka anwani ya wapi? Na hata ukipenya, masharti yao yanaweza kuwaruhusu kuizuia pesa.

*Nikishinda Uingereza wanakata kodi?*

Mchezaji hakatwi huko, iliondolewa 2001. Lakini ukicheza kwa kampuni ya nyumbani, sheria ya kodi ni ya nyumbani, hata kama mipira imetoka London.

*Mkuu umesema namba moja ndiyo nafuu. Sasa nichukue na busta au bila busta?*

Swali zuri. Tuseme bila busta wanalipa 6/1, na busta wanalipa 5/1. Nunua duka zima tena. Bila busta: mipira 6 mara 7, unapata 42 kwa 49. Na busta: mipira 7 mara 6, unapata 42 kwa 49. Ni kitu kimoja, ila na busta hutapiga kioo.