Nanochembe zako zinaua seli kweli au zinadanganya kipimo? Namna ya kupima

Wadogo zangu wa masters hapo UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) na kwingineko, naona siku hizi kila mtu anapika nanochembe (chembe ndogo mno) za silva kwa majani, huyu mlonge, yule mzabibu maana Dodoma mizabibu ipo ya kumwaga, akishaona rangi imekuwa kahawia anakimbilia kwenye seli, anapiga MTT (kipimo ambacho seli hai zinageuza dawa ya njano kuwa fuwele za zambarau), anaandika "hazina sumu". Ngoja kwanza. Kumwagia seli dawa ni kazi rahisi, kazi yenyewe ni kujua kama namba ulizosoma zimetoka kwa seli au zimetoka kwa chembe.

Anza na chembe. Saizi uliyopima kwenye maji siyo saizi ambayo seli itakutana nayo, kwa sababu chumvi ya midia (maji ya kulishia seli) inazifanya zishikane na protini za seramu nazo zinazifunika juu. Kwahiyo pima DLS (kipimo cha saizi ya chembe kwa mwanga) kwenye maji, halafu pima tena kwenye midia ile ile yenye seramu asilimia 10, mwanzoni na baada ya saa 24. Huna DLS? Weka kwenye tyubu na midia isiyo na fenoli redi (ile rangi nyekundu ya midia), utazame kwa macho tu. Silva iliyotawanyika vizuri ni ya njano kuelekea kahawia, ikigeuka kijivu na chini ukaona kama vumbi limetulia, basi unapima mabonge, nano haipo tena hapo.

Seli chagua kwa sababu. Kama hofu yako ni kuvuta kwa pua tumia A549 za mapafu, kama ni ini HepG2. Panda kama 10,000 kwa kisima kwenye pleti ya visima 96, ziache zishike usiku kucha kwenye inkubeta, nyuzi 37 na CO2 asilimia 5. Visima vya pembeni usiviwekee seli, jaza PBS (maji ya chumvi yasiyoumiza seli), maana vinakauka kabla ya vingine, na kiangazi cha huku mnakijua, beseni la maji la inkubeta likisahaulika tu pleti nzima imeharibika. Umeme ukikatika usiku na jenereta ikachelewa kuwaka, hiyo pleti tupa, usiihurumie.

Dozi panga kwa ngazi, mfano 0, 1, 5, 10, 25, 50 na 100 µg/mL, na kabla ya kuchanganya piga sonikesheni (kuzitawanya kwa mawimbi ya sauti) ndani ya barafu. Kisima kimoja kina eneo la kama 0.32 cm², kwahiyo µL 100 za dozi ya juu kabisa ni µg 10, yaani kama µg 31 kwa kila cm² zote zikituama. Andika hiyo namba kwenye ripoti, mwenye pleti nyingine ataweza kulinganisha na yako.

Sasa kontroli, yaani visima vya kulinganishia, na hapa ndo watu wengi wanabana matumizi. Seli zisizowekewa kitu, sawa, kila mtu anazo. Seli zilizouawa makusudi kwa sabuni ya Triton X-100 ya asilimia 0.1, wengi wanazo. Ambazo hazionekani ni hizi: chembe peke yake bila seli ila na MTT, dondoo la majani peke yake bila silva, na silva ya ayoni, yaani iliyoyeyuka. Ile ya majani ni muhimu mno manake polifenoli za mmea zinaweza kuigeuza MTT kuwa zambarau bila seli hata moja, wewe unafurahi seli ziko hai kumbe ni majani yanafanya kazi. Kwa ayoni, zungusha chembe kwenye sentrifyuji, chukua maji ya juu uyapime, na uweke silva naitreti pembeni, maana sumu ya silva sehemu kubwa inatokana na ayoni zinazoyeyuka.

Baada ya saa 24 toa midia, osha taratibu na PBS mara mbili ili chembe zilizobaki zitoke, weka MTT ya 0.5 mg/mL kwa saa 3 hivi, mwaga, yeyusha fuwele kwa kiyeyushi cha DMSO. Usisome hapo hapo! Zungusha pleti, hamisha maji ya juu kwenda pleti safi, ndo usome kwenye nm 570, la sivyo chembe zilizobaki zitazuia mwanga na mashine itahesabu kama rangi. Toa usomaji wa kisima kisicho na seli, gawanya kwa kontroli, zidisha 100. Kigezo cha ISO 10993-5, ambacho ni cha vifaa tiba, kinahesabu uhai ukishuka chini ya asilimia 70 kuwa ni sumu.

Na usitegemee MTT peke yake. Mwaka 2006 watafiti wa Ujerumani walionyesha nanotyubu za kaboni zinanasa fuwele za MTT, seli zinaonekana zimekufa wakati vipimo vingine vinasema ziko hai. Ongeza LDH (kimeng'enya kinachovuja seli ikipasuka) au nyutroli redi (rangi inayobaki ndani ya seli hai), ila LDH nayo chembe zinaweza kuinasa, kwahiyo chukua seli uliyoipasua kwa Triton uongeze chembe uone namba inashuka au la. Na tafadhali, visima vitatu vya pleti moja siyo marudio matatu, rudia siku tofauti na seli za pasaji tofauti (idadi tofauti ya mara zilizohamishwa na kupandwa upya).

Mabaki ya silva weka kwenye dumu lenye lebo, usimwage kwenye sinki.