Kipima tetemeko cha darasani: achana na kikombe kwenye boksi

Vijana wakipewa kazi hii, wengi huja na boksi, uzi na kikombe cha kokoto. Uzi wa sentimita 25 unabembea kwa sekunde 1 hivi, kwa hiyo ukigonga meza, kalamu inachora kubembea kwa kikombe. Mtikisiko wa meza hauonekani. Tunataka uzito unaobaki palepale wakati kila kilichouzunguka kinasogea. Mbembeo wa sekunde 5 unafaa, ila penduli ya kawaida ingedai uzi wa mita 6. Penduli ya mlalo, inayofungwa kama geti, inafikia sekunde hizo 5 ikiwa juu ya meza tu.

1. Fremu. Ubao mzito wa kitako, nguzo ya sentimita 50. Tumia skrubu, misumari italegea.

2. Mkono. Bomba jembamba la sentimita 60, na jiwe la mizani la kilo 2 karibu na mwisho wake. Upande wa pili weka ncha ya msumari, iegemee kishimo ulichopiga kwenye kichwa cha boliti chini ya nguzo. Waya wa chuma utoke penye jiwe hadi juu ya nguzo. Usitumie mshipi wa nailoni; unarefuka ukibeba uzito. Pale waya unapofungwa juu pajitokeze mbele ya ncha ya msumari, upande wa jiwe, kwa sentimita 5 hivi. Kadiri unavyopunguza hapo, mbembeo unakuwa wa polepole, hadi mkono unageukia pembeni na kugoma kurudi.

3. Karatasi. Roli ya karatasi ya risiti za mashine ya EFD, ivutwe kwa mwendo uleule chini ya kalamu ya felti iliyofungwa mwishoni mwa mkono, inayogusa kwa shida.

4. Kutuliza mkono. Hapa ndipo jioni zinapoishia. Bila kitulizo, pigo moja linazaa mawimbi ya dakika nzima. Darasa litapiga makofi, lakini mchoro huo hausemi lolote kuhusu ardhi.

Kata bati la sentimita 6 kwa 6, lining'inize chini ya jiwe kwa waya mgumu, lizame lote kwenye kopo la oili ya injini namba 40. Uso wake mpana uelekee upande mkono unakobembea; ukiuweka ubavu, oili haifanyi kazi. Lisiguse kopo hata kidogo. Mafuta ya kupikia ni mepesi mno. Wapo wanaosifia sumaku za spika na mfuniko wa sufuria ya alumini. Inafanya kazi, ila sumaku hiyohiyo italivuta jiwe lako la chuma. Mimi nabaki na oili.

Sasa sukuma mkono sentimita 2, uachie. Unatakiwa kupita katikati kwa milimita 1 hivi, urudi, utulie. Ukipita milimita 5, ongeza bati. Ukirudi kwa kujikokota bila kuvuka katikati, lipunguze. Rudia mchana, maana oili ya asubuhi ni nzito zaidi.

5. Majaribio. Angusha mfuko wa mchanga ubavuni mwa mkono, kisha mbele ya mwisho wa mkono wenye jiwe, umbali uleule. Mchoro wa pili utakuwa mdogo, kwa sababu chombo hiki kinasikia mwendo wa ubavuni tu. Matetemeko madogo ya Bonde la Ufa usiwaahidi wanafunzi; msuguano wa kalamu unayameza. La ukubwa wa 5.9, kama lile la Kagera la Septemba 10, 2016, likipiga si mbali nanyi, pimeni sekunde kati ya kuanza kwa wimbi la kwanza (P, linalokimbia zaidi) na kuanza kwa la pili (S, linalofuata), mzidishe kwa 8. Jibu ni umbali kwa kilomita, kwa makadirio.