Taa za mkanda sebuleni, ficha taa mwanga ndo uonekane

Jamani mnaoweka taa za LED za mkanda nyuma ya tivi au kwenye jipsam, vile vitaa visionekane kabisa, kinachotakiwa ni mwanga tu unaotambaa ukutani, kwa hiyo bandika kwa ndani kidogo ya ukingo, na ufute vumbi vizuri kwanza la sivyo gundi inaachia. Rangi chukua ile ya njano njano, kwenye boksi imeandikwa 2700K au 3000K, hiyo nyeupe ya 6500K inafanya sebule iwe kama duka la dawa. Halafu adapta usibane hela, mkanda wa volti 12 unaokula wati 14 kwa mita, mita 5 ni wati 70, ukigawa kwa volti 12 ni karibu ampia 6, kwa hiyo adapta ya ampia 5 itachemka tu, chukua ya 8.