Jinsi ya Kuandika Historia ya Kijarida cha Mashabiki wa Hadithi za Kisayansi nchini Uswidi

Kijarida cha habari cha mashabiki kilikuwa karatasi chache zilizobanwa kwa stepla, zikieleza kitabu gani kimetoka, mkutano unaofuata utafanyika wapi, na ni wahariri gani wameacha kusemezana. Kwa kuwa kilisomwa haraka, wengi walikitupa. Hata hivyo, anayetaka kujua wasomaji wa hadithi hizi waliishije wao kwa wao hatapata shahidi bora, kwani mhariri aliandika mambo yakiwa bado moto, kabla hajajua yataishia wapi.

Kabla hujagusa toleo lolote, jifunze zama lilimozaliwa. Uswidi ilikuwa na Jules Verne-Magasinet, jarida la hadithi za kisayansi, kuanzia 1940 hadi 1947, lakini mashabiki walianza kujipanga hasa baada ya gazeti la Häpna! kuanza kutoka mjini Jönköping mwezi Machi 1954. Wasomaji waliandika barua kwa Häpna!, barua zikachapishwa, na waliodhani wako peke yao wakafahamiana. Mwaka huohuo Club Cosmos, chama cha mashabiki, iliundwa Göteborg. Mwaka 1956 mkutano wa LunCon ukafanyika Lund. Na mwaka 1960 chama cha mashabiki cha Stockholm, Skandinavisk Förening för Science Fiction, kinachojulikana kwa kifupi kama SFSF, kikaanza kutoa jarida la SF-Forum. Häpna! ilifungwa 1966, lakini kizazi kipya kiliendelea. Stieg Larsson, ambaye ulimwengu ulimjua baadaye kwa riwaya zake za upelelezi, alitoa jarida la Sfären pamoja na Rune Forsgren mwaka 1972, na mwaka 1980 alikuwa mwenyekiti wa SFSF. Amua kijarida chako kinaangukia wapi katika mfululizo huu, kwa sababu mhariri wa 1957 aliwaandikia watu wachache waliojuana kwa majina, ilhali wa 1980 alikuwa na vyama na mikutano mingi ya kuripoti.

Nakala zitafute sehemu zaidi ya moja. Kungliga biblioteket, maktaba ya taifa iliyoko Stockholm, hupokea nakala za machapisho ya nchi hiyo kwa mujibu wa sheria iliyoanza 1661, na maktaba ya Chuo Kikuu cha Lund nayo hupokea. Lakini karatasi iliyodurufiwa jikoni kwa mtu ingeweza kukwepa utaratibu huo bila yeyote kugundua. Kwa hiyo waulize pia wazee wa vyama, na usisahau maktaba za nje. Wahariri walikuwa wakibadilishana majarida kuvuka mipaka, na mkusanyiko wa Eaton katika Chuo Kikuu cha California, Riverside, una hazina kubwa ya majarida ya mashabiki.

Ukipata nakala, ipige picha kwanza, kila ukurasa na pande zote mbili. Wanaokumbuka mitihani ya shule iliyochapwa kwa stensili na kutolewa kwa saiklostaili wanaijua karatasi hii: hugeuka rangi, na pini zake hushika kutu na kula kingo. Maandishi ya zambarau ya mashine ya kudurufu kwa spiriti ndiyo dhaifu kuliko yote, kwani hufifia yakiachwa kwenye mwanga. Usikate ukurasa wa mwisho kwa kuudhani mtupu. Mara nyingi ndio uliobeba stempu, muhuri wa posta na jina la mpokeaji, na muhuri huo unaweza kukupa tarehe ambayo mhariri hakuiandika.

Kuweka tarehe ndiyo kazi inayostahili subira yako kubwa, maana matoleo mengi yana namba tu. Soma kisanduku kidogo chenye jina la mhariri, anwani, bei na namba ya akaunti ya posta ya kulipia. Uswidi ilianza kutumia misimbo ya posta ya tarakimu 5 tarehe 12 Mei 1968. Basi anwani yenye tarakimu 3, nafasi, kisha 2, haiwezi kuwa imeandikwa muda mrefu kabla ya siku hiyo. Kukosekana kwa msimbo si ushahidi wa nguvu sawa, kwa kuwa mhariri aliyezoea njia ya zamani angeweza kuendelea nayo. Waswidi pia huhesabu majuma ya mwaka kwa namba, hivyo neno «vecka», yaani juma, likifuatwa na namba lisidhaniwe kuwa namba ya toleo. Unapotafuta katika orodha za maktaba, kumbuka kwamba herufi å, ä na ö huja baada ya z, na kwamba orodha za zamani huchanganya v na w kana kwamba ni herufi moja.

Majina nayo yana mitego. Fanac lilikuwa kijarida maarufu cha Marekani kilichoanzishwa 1958 na Terry Carr na Ron Ellik, kikapata Hugo, tuzo maarufu ya hadithi za kisayansi, mwaka uliofuata. Uswidi nayo ilikuwa na kijarida chenye jina hilohilo, kwa hiyo kila unaponukuu taja nchi. Isitoshe, Carr huyohuyo alishiriki kumbuni Carl Brandon, shabiki ambaye hakuwahi kuwapo duniani lakini maandishi yake yalisomwa kwa heshima miaka mingi. Mchezo huo ulipendwa sana miongoni mwa mashabiki. Usimwingize mtu katika historia yako kwa ushahidi wa kijarida kimoja tu, hasa ikiwa hakuna aliyedai kumwona mkutanoni.

Andika orodha ya matoleo kabla ya masimulizi: namba, tarehe na msingi wa tarehe hiyo, kurasa, mhariri, na mahali nakala ilipo. Matoleo usiyoyaona yaonyeshe wazi kama pengo, wala usiyajaze kwa kukisia. Anwani za nyumbani na ugomvi wa vijana ambao sasa ni wazee viache katika daftari lako mpaka uwe umezungumza nao. Wengi bado wapo, na barua ya adabu yenye nakala ya ukurasa walioandika huwafungua kinywa kuliko orodha ndefu ya maswali.